Chokaa, Boriti na Makuti: Elimu ya Waashi wa Pwani kwa Makazi ya Leo

Nyumba ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki hujengwa kwa vitu vitano: jiwe la matumbawe, chokaa inayochomwa kutokana na jiwe hilohilo, udongo mwekundu, miti ya mikoko na majani ya mnazi. Vyote hupatikana jirani, kwa mwendo wa miguu au wa mashua. Kwa vitu hivyo waashi walijenga misikiti, majumba, makaburi na kuta za miji kuanzia visiwa vya Lamu hadi Kilwa, na kupita huko mpaka Komoro na kaskazini mwa Msumbiji. Stadi hiyo haijafa. Wapo mafundi wanaoijua Unguja, Lamu, Mombasa na Kilwa, ila ni wachache kuliko kazi iliyopo, na vijana wengi wanaoingia uashi hawajawahi kushika chokaa iliyozimwa vizuri. Wakati huohuo wasanifu wa majengo duniani wanatafuta njia ya kujenga bila kuongeza joto la dunia na bila kutegemea vifaa vya kutoka mbali. Wanachokitafuta, sehemu yake kubwa inajulikana kwa wazee wa pwani, nayo inaweza kujifunzwa.

Chimbuko la ujenzi huu ni la kale. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa mwanaakiolojia Mark Horton ulifichua misikiti iliyojengwa mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine. Ya mwanzo, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti, na ya mawe ikafuata baadaye. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianzishwa karne ya 11, ukapanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga pia kasri la Husuni Kubwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuueleza kuwa mji wa nyumba za miti. Habari yake haipingani na magofu yanayoonekana leo. Jiwe lilikuwa la ibada, la watawala na la wafanyabiashara wenye uwezo, na watu wengi walikaa katika nyumba za fito na udongo. Aina hizo mbili za ujenzi ziliishi mtaa mmoja kwa karne nyingi zikiazimana mbinu.

Jiwe lenyewe ni la namna mbili. La kwanza huchimbwa nchi kavu. Ni mwamba uliokuwa tumbawe hai zamani za kale, bahari ilipokuwa juu zaidi ya ilivyo sasa. Ni gumu, lina makali na matundu, na halichongeki kwa urahisi. Hilo ndilo hujaza ukuta. Mwashi halipangi kama tofali. Huchagua kila kipande kwa jicho, akakigeuza mpaka kikae, kisha mapengo akayaziba kwa vijiwe vidogo na chokaa. Ukuta wa namna hii huwa mnene, nusu mita hivi au zaidi, kwa sababu nguvu yake haitoki katika jiwe moja bali katika uzito na mshikamano wa yote. Namna ya pili ya jiwe ilitolewa baharini ikiwa mbichi. Likiwa bado na maji, tumbawe hilo hukatika kwa shoka na kuchongwa kama ubao laini. Likikauka huwa jepesi na gumu. Kwa hilo zilichongwa kingo za milango, mihirabu na vidaka vya ukutani. Namna hii ya pili ina tatizo kubwa ambalo litaelezwa baadaye.

Chokaa ndiyo roho ya kazi. Tanuri la kienyeji la pwani halina kuta. Magogo hupangwa kwa mduara, moja juu ya jingine, na katikati huachwa tundu la kuwashia moto. Juu ya magogo huwekwa vipande vya jiwe, vikubwa kwanza na vidogo juu yake. Moto huwashwa kutoka ndani, nao hupanda taratibu hadi rundo lote liwake. Mpangaji wa kuni akikosea, rundo huinama upande mmoja na jiwe la upande wa pili hubaki bichi. Upepo nao huangaliwa. Ukiwa mkali mno, kuni huisha kabla jiwe halijaiva, na ukikosekana kabisa, joto halifiki linakotakiwa.

Kinachotokea ndani ya moto kinaeleweka vizuri leo. Jiwe la chokaa likifika takriban nyuzi joto 900 za Selsiasi huachia gesi ya kaboni dayoksaidi. Kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56. Wachomaji hawakuhitaji mizani kulijua hilo. Waliokota kipande rundo lilipopoa, wakakipima kwa mkono, na kilichobaki kizito walikirudisha. Baada ya hapo hufuata kuzima. Maji hunyunyizwa juu ya jiwe lililoiva, nalo hutoa joto kali, hupasuka na kuwa unga mweupe. Hatua hii ina hatari. Chokaa isiyozimwa huunguza ngozi na huweza kupofusha jicho, na mwanagenzi hufundishwa kusimama upande upepo unakotoka kabla hajafundishwa jambo jingine lolote. Chokaa iliyozimwa huachwa shimoni ikiwa na unyevu kwa wiki kadhaa, na bora zaidi kwa miezi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika. Vipande vilivyochelewa kuzimika humalizikia shimoni badala ya kuja kufumuka ukutani na kuacha vishimo kwenye lipu.

Ukutani chokaa hurudia ilikotoka. Huvuta tena kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kugeuka jiwe polepole, kuanzia juu kwenda ndani, kwa miezi na hata miaka. Kwa hiyo gesi iliyotoka ndani ya jiwe tanurini hurudi kwa sehemu kubwa. Gesi iliyotokana na kuni hairudi kwa njia hiyo, na hesabu ya mazingira inayoisahau kuni si hesabu ya kweli. Saruji ya kisasa, ambayo hataza yake ilitolewa Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin, huhitaji joto la nyuzi zipatazo 1,450, na viwanda vyake duniani vinakadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dayoksaidi yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Kwa kujengea, chokaa huchanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Mchanga wa ufukweni una chumvi na lazima uoshwe au uachwe, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu na kuubomoa ukuta kutoka ndani. Udongo mwekundu, unaotumika sana Unguja, hupunguza chokaa inayohitajika na kuufanya mchanganyiko ushike jiwe lenye matundu. Uwiano haulingani kila mahali, kwa sababu udongo haulingani, na hapa ndipo fundi mzuri anapotambulikana. Huuweka mchanganyiko kwenye mwiko na kuugeuza. Ukidondoka wote kwa mkupuo, una maji mengi au chokaa kidogo. Ukigandia mwiko kama gundi, chokaa imezidi na lipu itapasuka ikikauka.

Kuvuka bahari, Oman ilikuwa na elimu ya jirani na hii. Mafundi wa huko walichoma udongo wa mfinyanzi, wakausaga, wakapata kiungo kinachoganda hata chini ya maji, kiitwacho saruj, wakakitumia kusakafia mifereji ya maji iitwayo aflaji na kukarabati ngome. Warumi wa kale walipata matokeo ya aina hiyo kwa majivu ya volkano. Katika miaka ya karibuni watafiti wa chuo cha EPFL mjini Lausanne, wakiongozwa na Karen Scrivener, wamestawisha saruji ambayo nusu ya klinka yake, yaani mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji, hupunguzwa na mahali pake huwekwa udongo uliochomwa pamoja na jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. Utoaji wa kaboni hupungua kwa asilimia 30 hadi 40. Si kwamba watafiti hao waliiga Oman. Jambo la kuzingatia ni kwamba maabara na tanuri vimekutana kwenye vitu vilevile, udongo na chokaa, na mtu aliyeijua kazi ya tanuri haingii maabara kama mgeni.

Juu ya kuta hulazwa boriti, yaani miti ya mikoko iliyonyooka. Wakataji huipanga mikoko kwa unene na kila daraja lina jina lake: fito, pau, mazio, boriti, na nguzo. Fito na pau ni za kuta za udongo na mapaa, na boriti ndizo zinazobeba dari. Mti huo ni mzito, mgumu, na mchwa hawaupendi. Urefu wake unaofaa hauzidi sana mita 3, na kipimo hicho kimoja kiliamua sura ya nyumba yote. Vyumba vya mawe vya pwani ni virefu na vyembamba kwa sababu hakuna chumba kilichoweza kuwa kipana kuliko boriti. Boriti zilisafirishwa pia kwa majahazi hadi Oman na Ghuba, ambako miti mirefu ni adimu, na vyumba vya huko navyo vikachukua upana huo.

Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, na juu ya mawe humwagwa tabaka nene la chokaa, mchanga na kokoto. Hii ndiyo sakafu, na kazi ya kuipiga ilikuwa kubwa kuliko kazi nyingine zote za nyumba. Watu wengi, mara nyingi wanawake, walisimama kwa mistari wakaipiga kwa mbao au magongo kwa siku kadhaa mfululizo, wakiimba ili mapigo yaende sawa. Nyimbo hazikuwa pambo. Chokaa ikipigwa kwa mwendo mmoja hutoa maji na hewa, hushikana, na juu hutoka ngozi ngumu isiyopitisha mvua. Ikipigwa ovyo hubaki na mapovu ndani, na maji ya masika hupata njia. Sakafu iliyopigwa ipasavyo ilifanya kazi ya dari na ya paa kwa pamoja. Wengi waliokuja kuongeza mapaa ya mabati juu ya nyumba za Unguja walifanya hivyo baada ya sakafu kuanza kuvuja, na zilivuja kwa kuwa waliojua kuzipiga na kuzikarabati walikuwa wameshapungua.

Mpangilio wa nyumba ni sehemu ya stadi hii. Nyumba ya zamani ya Lamu huanzia daka, mahali pa kupokea mgeni bila kumwingiza ndani, kisha kona ya njia inayozuia macho ya mpita njia, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha misana, yaani kumbi ndefu, na vyumba vya ndani, kila kimoja kikiwa na giza na ubaridi kuliko kilichotangulia. Kiwanda hutoa hewa ya moto juu na kuvuta hewa baridi kutoka vichochoroni. Ukuta mnene huchukua joto la mchana polepole, na linapofika upande wa ndani jua limeshatua. Vichochoro vyembamba hukaa kivulini karibu siku nzima. Mji uliojengwa hivyo hunufaika na kaskazi na kusi bila kuhitaji umeme. Nyumba ya kisasa ya matofali membamba ya saruji na bati, iliyosimama peke yake juani, hupata joto saa nne asubuhi, na mwenye nyumba hana budi kununua feni, na akiweza, kiyoyozi.

Makuti yanahitaji maelezo mafupi. Kuti la viungo hutengenezwa kwa kukunja majani ya mnazi juu ya kijiti na kuyafunga, nalo ndilo la kuezekea. Kuti la kumba husukwa kutoka tawi zima na hufaa zaidi kwa ua. Paa la makuti lazima liwe na mteremko mkali ili maji yasikae, na viungo vipandane kwa karibu. Aliyevitenganisha ili kuokoa gharama huezeka upya mapema kuliko jirani yake. Kazi ya kushona makuti iko zaidi mikononi mwa wanawake na huleta kipato kijijini bila mtaji mkubwa. Adui wa makuti ni moto, na hakuna ufundi unaoiondoa hatari hiyo kabisa.

Kuporomoka kwa stadi hii kuna sababu zinazojulikana. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Saruji iligeuka kuwa alama ya maendeleo. Huganda kwa siku chache, inauzwa kwa mifuko yenye kipimo kinachojulikana, na fundi asiye na uzoefu mrefu huweza kuitumia. Kwa nguzo, msingi wenye maji na jengo la ghorofa nyingi, faida zake ni za kweli, na hakuna mwashi mwenye akili anayetaka ziachwe. Kosa lilikuwa kuitumia kila mahali, hasa katika kukarabati kuta za zamani.

Ukuta wa matumbawe hupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi, huingia pia kwa mvua, na hutoka kupitia lipu ya chokaa iliyo laini na yenye vinyweleo. Chumvi hubaki juu ya lipu, lipu huchakaa baada ya miaka, na hubandikwa nyingine. Lipu ndiyo inayojitoa ili jiwe lisalimike. Anapokuja mtu akaufunika ukuta huo kwa saruji, unyevu hukosa mlango. Hupanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, chumvi hugandia nyuma ya saruji, na chokaa ya ndani hugeuka vumbi huku nje kukionekana kuzuri. Miisho ya boriti iliyozama ukutani huanza kuoza mahali pasipoonekana. Siku saruji inapobanduka hung'oa uso wa jiwe pamoja nayo, na wakati mwingine boriti huanguka kabla ya hapo. Kanuni ambayo wazee waliifuata bila kuiandika ni hii: kiungo lazima kiwe laini kuliko jiwe kinaloliunganisha. Saruji inaigeuza kanuni hiyo juu chini. Kwa mtu anayetaka kujifunza jambo moja tu la uashi wa pwani, hili ndilo la kwanza.

Mji Mkongwe wa Zanzibar unaonyesha gharama ya kuisahau elimu hii na thamani ya kuirudisha. Uchunguzi uliofanyika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuta nyumba nyingi zikiwa katika hali mbaya, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza mji huo. Uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Zahanati ya Kale, jengo lililoanzishwa mwaka 1887 kwa mali ya Tharia Topan, lilikarabatiwa miaka ya 1990 kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, na kazi yake ilidai mafundi wa lipu ya chokaa, wa mbao na wa vioo vya rangi. Upande mwingine wa habari ni wa uchungu. Beit al-Ajaib, kasri alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu mwaka 2012 na sehemu kubwa zaidi tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu 2 wakafa. Jengo hilo lina historia yake na vifaa vyake, lakini lolote la umri huo likikosa matengenezo ya kila mwaka hufika mahali ambapo hata ukarabati wenyewe ni hatari. Methali ya ufa na ukuta, ambayo watu huitumia kwa mambo yote, kwa mwashi ni maelekezo ya kazi.

Matengenezo ya nyumba ya chokaa si mazito. Kabla ya masika, paa hukaguliwa, nyufa huzibwa, mifereji ya maji husafishwa, na ukuta hupakwa maji ya chokaa. Kila tabaka jembamba huganda na kuongeza jiwe kidogo juu ya jiwe. Nyumba iliyopakwa hivyo kila mwaka kwa miaka 100 ina ngozi iliyojengwa na vizazi vitatu au vinne.

Yapo mambo katika stadi ya kale yasiyofaa kurithiwa yalivyo. Tanuri la wazi hula kuni nyingi, kwa kuwa joto kubwa hupotea hewani. Idadi ya watu ilipokuwa ndogo, msitu ulijirudia. Leo haujirudii kwa kasi hiyo. Uchimbaji wa tumbawe hai ni mbaya zaidi. Mafia na Mikindani, matumbawe ya baharini yalivunjwa na kuchomwa kwa ajili ya chokaa, na mwamba hai uliovunjwa unahitaji miongo mingi kukua tena, wakati huo ndio mazalia ya samaki na kinga ya ufukwe dhidi ya mawimbi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini Tanzania, na ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma ikafuata mwaka 2000. Anayejifunza kuchoma chokaa leo hana sababu yoyote ya kugusa jiwe la baharini. Jiwe la nchi kavu linatosha na hutoa chokaa nzuri. Kuni nazo zinaweza kutoka kwenye minazi mizee iliyoacha kuzaa, ambayo hukatwa ili kupanda mingine, na tanuri lenye kuta za udongo huokoa sehemu kubwa ya joto.

Mikoko inadai uangalifu wa namna hiyo. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982. Mikoko hukinga ufukwe na kuhifadhi kaboni nyingi katika tope lake, na kuikata ovyo kwa sababu eti ni desturi ni kuisingizia desturi, kwani wakataji wazuri walichagua mti kwa daraja na kuacha mingine ikue. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakitunza hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013 na kuuza hewa ukaa, na fedha hizo huenda kwenye maji na shule za vijiji. Mpango kama huo hauzuii boriti kupatikana, mradi ukataji wa eneo jingine uwe na kiasi na upandaji uwe wa kweli. Mbao za mivinje iliyopandwa nazo hutumika mahali pengi palipokuwa pa mkoko.

Kubadili kifaa bila kuupoteza ufundi kunawezekana, na ushahidi uliokaribu uko Lamu, kwa mafundi wa vyombo. Mwaka 2018 kilishushwa majini Flipflopi, chombo cha urefu wa karibu mita 9 kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa kuwa mbao, chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda. Mapema mwaka 2019 kilisafiri hadi Zanzibar. Plastiki haina nyuzi za mti, hupinda kwa joto na haishiki msumari kama mti unavyoshika. Mafundi waliyatatua hayo kwa sababu walijua kila ungo wa chombo unafanya kazi gani, si umbo lake tu. Mwashi anayejua kwa nini boriti iko pale ilipo ataweza kuibadilisha. Anayejua tu kwamba iko pale atakwama.

Basi elimu hii hupatikana vipi? Zamani mwanagenzi alianza kwa kuchekecha mchanga na kubeba maji, kwa muda mrefu, na wengi wa nje waliona ni kumtumikisha. Ndani ya kazi hiyo, hata hivyo, alikuwa akijifunza kuujua mchanga kwa kuusugua viganjani na kuijua chokaa kwa harufu na ulaini. Kisha alichanganya. Kisha alijaza mapengo kwa vijiwe. Kisha alijenga upande wa ndani wa ukuta, ambao makosa yake hufunikwa na lipu, na baadaye upande wa nje. Timazi na uzi alikabidhiwa alipoaminiwa. Lipu ya kuchonga ilikuja mwisho, na si kila mwashi aliifikia. Vipimo vilikuwa vya mwili, shibiri na dhiraa, na hivyo nyumba ililingana na wanaoikaa.

Mfumo huo hauwezi kurudi wote. Kijana wa leo hawezi kukaa miaka mingi bila ujira wala cheti. Nchini Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na huo ni mlango mzuri kwa wazee wa chokaa, ambao wengi hawana karatasi yoyote inayowaruhusu kufundisha darasani. Ukarabati wa Kilwa Kisiwani, uliochangia magofu hayo kuondolewa mwaka 2014 katika orodha ya urithi ulio hatarini, ulionyesha kwamba mradi mmoja wa miaka kadhaa ukiajiri watu wa hapohapo huacha mafundi nyuma yake. Uhifadhi wa magofu peke yake, hata hivyo, hauwezi kulisha fundi. Stadi itaishi ikiwa nyumba mpya zitajengwa kwayo: chumba kimoja, baraza, ukuta wa ua, zahanati ndogo. Kwa nyumba ya chini, msingi wa mawe na chokaa, ukuta wa fito uliokandikwa udongo na kupakwa chokaa, na paa lenye mabega mapana ya kuukinga ukuta, ni makazi imara, na fedha zake hubaki kijijini kwa wachimba mawe, wachomaji, washona makuti na waashi.

Mwalimu atakayetunga mtaala wa kazi hii atapaswa kuanzia kwenye ukarabati, si kwenye ujenzi mpya, maana ukuta uliobomoka huonyesha matabaka yake yote na kosa la kila fundi aliyepita. Atapaswa kuupanga mwaka kwa majira: kuchoma chokaa na kuilaza shimoni wakati wa kiangazi, kupiga lipu baada ya mvua kubwa kupita na kabla ya jua kali, na kuilowesha kila siku mpaka ishike, kwa kuwa lipu ya chokaa ikikauka upesi hufa kabla haijawa jiwe. Na mtihani wake hauwezi kufanyika siku kazi inapokamilika. Ukuta wa chokaa hupimwa masika yakishapita, na cheti cha mwashi kinafaa kutolewa hapo.